Fyuzi Sita Chini ya Siti

Mwezi wa saba, huku juu Kilolo, ukungu haungoji usiku. Saa kumi na moja jioni unakuwa umeshaanza kujaza mabonde, na ikifika saa moja unaendesha pikipiki kwa kukumbuka njia zaidi kuliko kwa kuiona. Jioni hiyo nilikuwa narudi Iringa mjini nikitokea vijiji vya upande wa Dabaga, nilikoshinda nikichanja kuku na kumwangalia ng'ombe aliyegoma kula. Nyuma nimefunga kisanduku cha barafu cha chanjo. Mbele taa mbili za spoti, nilizozifunga miezi miwili kabla, zinapasua ukungu kwa chini. Simu iko kwenye usukani inachaji. Rasharasha ikaanza. Nikiwa nateremka kwenye kona, kila kitu kikazima. Taa, dashibodi na injini, vyote kwa mpigo mmoja, kama kibatari kilichopulizwa.

Nyuma yangu kulikuwa na lori la mbao.

Niliiacha pikipiki iteremke yenyewe, nikaielekeza kwenye majani pembeni, nikasimama huku moyo unadunda. Lori likapita na kelele zake na upepo wake. Dereva hakuniona, na sina cha kumlaumu, maana hata taa ya nyuma ilikuwa imezima. Nilikaa pale kwenye majani mabichi kwa muda kabla mikono haijaacha kutetemeka.

Kijana wa bodaboda aliyesimama kunisaidia alifungua kava la pembeni, akaitoa fyuzi, akaimulika na simu yake. Ilikuwa imekatika. Pikipiki yangu ni ya sisi (cc) 150, kama nyingi zinazotembea barabara zetu, na ilikuja na fyuzi moja tu, ya ampea 10, kwa ajili ya kila kitu. Kijana akachomoa unyuzi mmoja wa shaba kwenye kipande cha waya, akauzungusha kwenye miguu ya fyuzi ile ile, akairudisha. "Mkuu, nimekuungia dairekti. Utafika. Kesho nunua nyingine."

Nilifika kweli. Lakini nilifika na harufu ya plastiki iliyopata moto, na asubuhi waya unaotoka kwenye fyuzi kwenda kwenye swichi ya funguo ulikuwa umelainika mpaka ganda lake linabonyea kwa kidole. Kosa lote lilikuwa la chaja ya simu. Maji yalikuwa yameingia ndani yake, ikawa inakula mkondo mwingi, na sisi hatukuigusa kwa sababu hakuna aliyejua kuwa ndiyo yenye shoti. Unyuzi wa shaba ulivumilia. Waya haukuweza.

Nilimpelekea fundi mmoja mtu mzima pale Mashine Tatu, anayeshughulika na umeme wa magari tangu sijazaliwa. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa, kisha akafuata waya mmoja mmoja kwa vidole vyake kama mtu anayesoma.

"Hizi taa nani alifunga?"

"Mimi mwenyewe, mzee. Na kijana mmoja jirani."

"Na chaja?"

"Sisi pia."

"Na hiki kidude cha GPS, na honi ya pili?" Akanyamaza kidogo. "Mwanangu, wewe si ni bwana mifugo? Umefunga ng'ombe wako wote kwa kamba moja halafu ukawapeleka ukingoni mwa korongo. Akianguka ndama, anavuta mpaka dume."

Ndipo aliponiambia kuwa ninahitaji kisanduku cha fyuzi cha pili, chenye njia yake mwenyewe kutoka kwenye betri, kisichogusana na fyuzi ya pikipiki. Na akanikataza kwenda kukinunua siku ile. Alinipa kazi ya nyumbani kwanza. Nataka niieleze kazi hiyo kwa kirefu, kwa sababu watu wengi wanaoniuliza "ninunue kisanduku gani" wanaanzia mwisho wa safari.

Jambo la kwanza alilonifundisha ni kwamba fyuzi haipo kwa ajili ya kulinda kifaa. Ipo kwa ajili ya waya. Chaja ikifa imekufa, utanunua nyingine. Lakini waya ukishika moto ndani ya shada la nyaya zinazopita chini ya tangi la petroli, hapo hutafuti tena chaja, unatafuta mchanga. Kwa hiyo namba ya fyuzi haichaguliwi kwa kusoma boksi la taa peke yake. Unatazama waya mwembamba kuliko wote katika njia ile, unajiuliza unabeba ampea ngapi bila kupata joto, halafu unaweka fyuzi iliyo dhaifu kuliko waya huo.

Tena fyuzi si wembe. Wengi tunadhani fyuzi ya ampea 10 inakatika mara tu mkondo unapozidi 10. Sivyo. Zile fyuzi za plastiki zenye miguu miwili bapa zina viwango vyake: ikipitishiwa asilimia 110 ya namba yake inatakiwa ivumilie saa 100. Ikipitishiwa asilimia 135, yaani ampea 13.5 kwa fyuzi ya 10, inaruhusiwa kukawia hadi dakika 10. Ikipitishiwa mara mbili ya namba yake ndipo inapaswa kuondoka ndani ya sekunde 5. Dakika 10 ni muda mrefu sana kwa waya mwembamba. Ndiyo maana mtu anayebadilisha fyuzi ya 10 na kuweka ya 20 "ili isisumbue" hajatatua chochote. Amehamisha tu mahali pa kuungua, kutoka kwenye fyuzi ya bei ndogo kwenda kwenye waya uliofichika.

Kazi ya nyumbani yenyewe ilikuwa kupima. Nilichukua mita, nikaihamishia kwenye tundu lake la ampea 10, nikaipitisha katikati ya njia ya kila kifaa kimoja kimoja. Boksi la taa zangu za spoti limeandikwa wati 60 kwa kila taa. Mita ikasoma ampea 1.5 kwa taa moja kwenye volti 13.4, ambazo ni wati 20. Nilihuzunika kidogo kwa ajili ya pesa yangu, lakini kwa hesabu ya fyuzi ilikuwa habari njema: taa zote mbili ni ampea 3. Chaja ikiwa na simu mbili zenye njaa ilikula ampea 1.9. Honi ya pili ampea 4, kwa sekunde chache tu. Kidude cha GPS, kinachonionyesha pikipiki ilipo hata ikiwa imezimwa, ampea 0.04.

Hiyo 0.04 msiidharau. Kwa siku nzima ni karibu ampea-saa moja, na betri yangu ni ya ampea-saa 7. Pikipiki ikilala ndani wiki nzima nikiwa kwenye semina Dodoma, nikirudi haiwaki. Nililaumu betri kwa mwaka mzima kabla ya kupima.

Bado kuna upande wa mapato. Injini ndogo kama hizi zina koili za chaji zenye uwezo mdogo, na kisanduku cha fyuzi hakiongezi umeme, kinaugawa tu. Njia ya kujua uwezo wako haihitaji vitabu: weka mita kwenye betri, washa injini na taa kubwa, vuta resi kama unavyokuwa barabarani, soma. Yangu ilisoma volti 14.1. Nikawasha taa za spoti ikashuka 13.7. Nikaongeza chaja yenye simu mbili, 13.5. Hapo betri bado inapokea. Nikaachia resi, injini ikabaki inanguruma taratibu, mita ikashuka 12.6, maana yake sasa betri ndiyo inayolisha taa. Tangu siku hiyo nikisimama kwenye foleni ya daraja bovu nazima za spoti. Kama pikipiki yako inashuka chini ya 13 hata ukiwa mwendoni, usinunue kisanduku wala taa nyingine. Punguza mizigo kwanza.

Pampu ya matairi niliitoa kwenye hesabu. Inakula ampea 9 peke yake, naitumia nikiwa nimesimama, na sioni sababu ya kuibebesha kwenye kisanduku kimoja na vitu vidogo. Ina waya wake mnene kutoka kwenye betri na fyuzi yake ya 15 katikati ya waya, basi. Na hapa niseme wazi: kama una kitu kimoja au viwili tu vya kuongeza, kishikio cha fyuzi cha njiani kwa kila kimoja kinatosha kabisa. Kisanduku kinaanza kuwa na maana ukifika vitu vitatu, ukianza kuona nyaya zinapandana juu ya kichwa cha betri na boliti ya tamino haifiki tena.

Kuhusu waya, makosa niliyoyakuta kwangu ni yale yale ninayoyaona kila gereji. Tulitumia waya wa nyumba. Una shaba nzuri, lakini ni shaba ya fimbo moja ngumu, na pikipiki inatetemeka. Fimbo ile inapinda mahali pale pale mara elfu mpaka inakatika ndani ya ganda, usione chochote kwa nje. Tafuta waya wa magari, ule wa nyuzi nyingi nyembamba. Unene nao una hesabu yake. Kwa shaba, waya wa milimita za mraba 0.5 wenye urefu wa mita 4, kwenda na kurudi, ukiubebesha ampea 8 unakula zaidi ya volti moja njiani. Wa 1.5 unakula kama theluthi ya volti. Taa iliyopungukiwa volti moja unaiona kwa macho. Mimi nilitumia wa 2.5 kutoka kwenye betri mpaka kwenye kisanduku, wa 1.5 kwa honi na taa, wa 0.75 kwa chaja.

Viungio navyo. Mafundi wengi wa kwetu wanapenda kuchomea risasi, na kwenye redio sina ubishi. Kwenye pikipiki, risasi inapanda ndani ya nyuzi na kuzifanya kitu kimoja kigumu, na pale ugumu unapoishia ndipo waya unapokatikia. Lagi, kile kichwa cha chuma cha mwisho wa waya, iliyobanwa vizuri kwa koleo lake, ukaivalisha mpira unaosinyaa kwa moto, inaishi kuliko risasi. Tepu nyeusi inaachia gundi kwenye joto la chini ya siti na kugeuka lami.

Baada ya hayo yote ndipo kisanduku.

Nilikuwa nimeshakiona kimoja kizuri kabla ya hapo bila kuelewa nilichokuwa naangalia. Kwenye kambi moja nje ya mji wa Iringa hupita wasafiri wa pikipiki kubwa wanaotoka kaskazini kwenda Cape Town, na siku moja Mjerumani mmoja alifungua siti ya BMW yake kunionyesha. BMW R 1200 GS za mwanzo, zilizotoka mwaka 2004, hazina fyuzi za kawaida kama tunavyozijua. Kompyuta inapima mkondo wa kila njia na kukata yenyewe, na ile soketi ya kiwandani inakatwa mkondo ukizidi ampea 5 hivi. Ukiunganisha taa zako kwenye nyaya zake, kompyuta inaona kitu isichokitambua na inaweza kuzima njia nzima. Kwa hiyo wenye pikipiki hizo karibu wanalazimika kwenda moja kwa moja kwenye betri kupitia kisanduku chao. Yeye alikuwa na FZ-1 ya kampuni ya Fuzeblocks, kidude chembamba kinachoingia kwenye kiganja: njia sita, jumla ya ampea 30, na rilei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme mdogo wa funguo, imo ndani yake. Ukichomeka fyuzi upande mmoja, njia ile inafuata funguo. Ukiihamishia upande wa pili, njia inakuwa na umeme muda wote. Nilikishangilia sana. Alikuwa nacho kwa ajili ya vishikio vya usukani vyenye joto, kitu ambacho asubuhi ya Juni hapa Iringa mtu yeyote angekitamani.

Nilipokaa kufikiri sikukitaka, na sababu zangu ni za hapa. Rilei ikiwa ndani ya kisanduku na ikafa nikiwa Kilolo, kisanduku chote kimekufa, na mbadala wake uko ng'ambo ya bahari. Rilei ya kawaida ya magari, ile ya miguu minne, ipo kwenye kila duka la vipuri vya Toyota kuanzia hapa mpaka Tunduma. Ndiyo maana sikuvutiwa pia na vile vya kielektroniki visivyo na fyuzi kabisa, kama PDM60, vinavyopangwa kwa kompyuta na kurejea kazini baada ya shoti bila kubadilishiwa kitu. Ni kazi ya akili kubwa, naiheshimu. Lakini mimi nataka kitu ambacho kijana yule wa bodaboda, gizani, kwa mwanga wa simu, anaweza kukifungua, akaona kilichokatika na kukibadilisha.

Kwa sababu hiyo hiyo nilichagua fyuzi za ukubwa wa kawaida na kuacha zile ndogo sana. Aina hii imeenea tangu miaka ya 1970, ilipoanza kuchukua nafasi ya fyuzi za kioo, na rangi zake zina maana moja kila mahali: kijivu 2, zambarau 3, kahawia mpauko 5, kahawia iliyokolea 7.5, nyekundu 10, bluu 15, njano 20. Hata asiyejua kusoma namba anarudisha rangi aliyoikuta.

Jambo lililonifanya niongeze pesa kidogo ni kisanduku chenye safu ya hasi. Vya bei ya chini vinagawa chanya tu, na hasi unaachiwa uitafute mwenyewe kwenye chasisi, palipo na rangi, kutu na matope. Nusu ya matatizo ya taa zinazocheza cheza niliyowahi kuona ni hasi mbovu. Kampuni ya Blue Sea, inayotengeneza vifaa vya umeme wa boti, ina kisanduku chao cha njia sita chenye safu ya hasi na kifuniko, na vingi vya bei nafuu vinavyouzwa madukani vimefuata umbo hilo hilo. Kwa gari au boti ni sawa. Kwa pikipiki pima kwanza nafasi chini ya siti kwa rula, maana ni kipana. Mimi ilinibidi nihamishe mfuko wa spana.

Nilikinunua Kariakoo nilipokwenda Dar kwa shughuli nyingine. Niliingia dukani na sumaku ndogo niliyoitoa kwenye spika iliyokufa, muuzaji akanitazama kwa mashaka. Shaba haivutwi na sumaku, wala shaba ya njano. Chuma kinavutwa. Visanduku vitatu vya kwanza, vinavyong'aa kama vipya vya harusi, sumaku ilinata kwenye tamino zake zote. Ni chuma kilichopakwa rangi ya bati, na chuma kwenye unyevu kinapata kutu, kutu inaleta ukinzani, ukinzani unaleta joto, na plastiki inayeyuka bila fyuzi kukatika kamwe, kwa sababu mkondo haujazidi. Cha nne sumaku iliteleza. Muuzaji naye akavutiwa, akaanza kupima bidhaa zake nyingine na sumaku yangu, mpaka nikamwachia.

Kisanduku hicho kina taa ndogo nyekundu kwa kila njia, inayowaka fyuzi ikikatika huku kifaa kimewashwa. Niliona ni mapambo. Sasa naona kila kisanduku kingekuwa nazo.

Fyuzi zenyewe nazo si za kuaminiwa kwa rangi tu. Siku moja gereji tulichukua fyuzi tano za ampea 5 kutoka kwenye pakiti ya bei rahisi, tukaziunganisha moja moja na balbu ya taa kubwa ya gari, ile ya wati 60 na 55, tukawasha nyuzi zote mbili kwa pamoja. Hapo ni zaidi ya ampea 9, karibu mara mbili ya uwezo wa fyuzi. Mbili zilikatika ndani ya sekunde chache kama inavyotakiwa. Tatu ziliendelea kupitisha umeme kwa amani tele, mpaka plastiki ya mmoja wao ikaanza kulegea. Fyuzi isiyokatika ni ule unyuzi wa shaba wa kijana wa bodaboda, ila umevalishwa rangi ya kukudanganya. Tulizitupa zote, na mzee akazivunja kwanza kwa nyundo ili mtu asiziokote.

Kufunga kulichukua Jumamosi nzima. Kitu cha kwanza kabisa baada ya betri ni fyuzi kuu ya ampea 15, karibu na tamino ya chanya kadiri inavyowezekana. Wamarekani wanaotengeneza boti wana kanuni ya inchi 7, kama sentimita 18, na nimeifuata. Kipande cha waya kati ya betri na fyuzi kuu hakilindwi na kitu chochote, kwa hiyo kiwe kifupi na kikae mbali na ncha za chuma. Kutoka hapo waya unaingia kwenye mguu namba 30 wa rilei, unatoka namba 87 kwenda kwenye kisanduku. Namba 85 ni hasi, 86 ni ile ishara inayoiambia rilei kuwa funguo imewashwa.

Ishara hiyo ndiyo iliyotuzungusha. Nilitaka kuichukua kwenye waya wa taa kubwa kwa kuwa uko karibu. Mzee akaniambia washa, vuta resi, tazama taa. Ikawa inang'aa resi ikipanda na kufifia ikishuka. Kwenye pikipiki nyingi ndogo taa kubwa inalishwa moja kwa moja na koili za injini, umeme wa kwenda na kurudi ambao haujapita kwenye betri. Rilei ukiipa umeme huo inatetemeka kama meno ya mtu mwenye homa, na haimalizi mwezi. Tukachukua ishara kwenye waya unaolisha swichi ya taa ya breki, ambao unatoka kwenye betri kupitia funguo. Rilei ikasema "tak" mara moja, ikatulia. Ishara yenyewe inakula kama ampea 0.15 tu, kwa hiyo fyuzi ya kiwandani haihisi kitu.

Kidude cha GPS hakipaswi kuzimwa na funguo, kwa hiyo hakikuingia kwenye kisanduku kile. Nilikipa kishikio chake cha fyuzi ya ampea 2 kabla ya rilei, kwa sababu waya wake ni mwembamba kama uzi. Nikisafiri wiki nzima naichomoa fyuzi hiyo. Taa za spoti fyuzi ya 5. Chaja 5 pia, ingawa 3 ingetosha, maana zambarau sizioni madukani kwetu. Honi 7.5. Njia tatu zimebaki tupu, na nimeziziba kwa vipande vya mpira vumbi lisiingie.

Kisanduku nimekilaza kwa ubavu, nyaya zinaingia kwa chini zikiwa na kitanzi, ili tone la maji linalofuata waya lidondoke kabla ya kufika. Kwenye miguu ya fyuzi nimepaka grisi ya silikoni kidogo. Na vijana wa kuosha pikipiki kwa mashine nimewaomba wasipige maji ya nguvu chini ya siti, ombi ambalo wanalisahau kila Jumapili.

Mwezi wa tatu mwaka huu, katikati ya masika, nilikuwa barabara ile ile, mteremko ule ule. Mvua ilikuwa ya kumwagika, si rasharasha. Nilifika nyumbani saa mbili usiku, nikavua koti, nikachukua simu nimjulishe mke wangu aliyekuwa kwa mama yake Ilula kwamba nimefika. Simu ilikuwa na asilimia 4. Nikarudi nje na tochi, nikawasha funguo, nikainua siti. Kwenye njia ya pili taa nyekundu ilikuwa inawaka. Fyuzi ya kahawia mpauko ilikuwa imekatika katikati, safi kabisa, na sikujua hata ni kwenye kona ipi.